Jinsi mita ya kubana inavyopima umeme wa sola bila kukata waya

KATIKA kata ya Kanoni, wilayani Karagwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mkoa wa Kagera, paneli ya sola juu ya paa la bati si kitu cha kushangaza tena. Kutoka kwenye paneli hiyo hupatikana mwanga wa kusomea, chaji ya simu na sauti ya redio, katika nyumba ambazo nguzo za umeme hazijazifikia na hata katika baadhi ya zile zilizokwisha kufikiwa.

Umeme huo una tabia moja inayoutofautisha na ule unaosambazwa na TANESCO. Unakwenda upande mmoja tu, kutoka ncha chanya kwenda ncha hasi, bila kugeuka. Kitaalamu huitwa mkondo mnyoofu, na mafundi wameuzoea kwa jina la DC. Umeme wa gridi, kwa upande wake, hugeuza mwelekeo mara 100 katika kila sekunde. Huo ni mkondo geu, au AC.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha kosa linaloweza kumgharimu mwenye nyumba fedha nyingi. Mita nyingi za kubana, zile zenye taya mbili zinazofunguka na kuuzunguka waya, zimeundwa kupima mkondo geu pekee. Zikibanwa kwenye waya wa sola huonyesha sifuri, hata kama waya huo unapitisha ampea 20.

Fundi asiyelifahamu jambo hilo atatangaza kuwa paneli imekufa au betri imekwisha, na mwenye nyumba atanunua nyingine asiyoihitaji. Kwa familia inayosubiri msimu wa kahawa au maharage ili ipate fedha, hasara hiyo si ndogo.

Hata hivyo, zipo mita za kubana zinazopima mkondo mnyoofu kwa uhakika, bila kukata waya wala kuzima taa. Kuelewa namna zinavyofanya kazi humsaidia mnunuzi asidanganyike dukani, na humsaidia fundi asidanganywe na chombo chake mwenyewe.

Hatari ya kukata waya

Mita ya kawaida ya fundi hupima volti kwa kugusa ncha mbili za betri. Kupima ampea ni jambo tofauti, kwa sababu mkondo wote sharti upite ndani ya mita. Kwa hiyo waya hufunguliwa, mita ikaingizwa katikati, kisha umeme ukaruhusiwa kupita tena.

Njia hiyo ina matatizo matatu. La kwanza ni cheche. Waya wenye mkondo mkubwa unapoachanishwa, umeme huendelea kuruka hewani kati ya ncha mbili. Katika mkondo geu cheche hiyo hupata nafasi ya kuzimika kila mkondo unapopita kwenye sifuri. Mkondo mnyoofu hauna sifuri ya namna hiyo, hivyo cheche huweza kuendelea kuwaka, ikayeyusha ncha za waya na kuunguza mkono. Mahali palipo na betri za asidi pana pia hatari ya gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto.

Tatizo la pili ni uwezo wa mita yenyewe. Mita nyingi za mkononi huvumilia ampea 10 tu, na kwa muda mfupi. Fundi akisahau waya wa mita kwenye tundu la ampea, kisha akagusa ncha mbili za betri akidhani anapima volti, atakuwa ameiunganisha betri moja kwa moja. Betri ya ampea-saa 100 inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa dakika hiyo. Ikiwa mita haina fyuzi nzuri, huweza kupasuka mikononi mwake.

La tatu ni kwamba kufungua waya hubadilisha kile kinachopimwa. Mita iliyoingizwa katikati hula sehemu ndogo ya volti, na katika mfumo wa volti 12 sehemu hiyo huonekana. Aidha, baadhi ya vidhibiti chaji huharibika betri inapoondolewa wakati paneli bado inaleta umeme.

Kila waya ni sumaku

Ufumbuzi wa matatizo hayo ulitokana na jambo lililoonekana mwaka 1820. Katika mwaka huo, Hans Christian Ørsted, profesa wa fizikia mjini Copenhagen, Denmark, aliona sindano ya dira ikisogea kila alipopitisha umeme katika waya uliokuwa karibu nayo. Ilibainika kuwa waya wenye mkondo huzungukwa na uga wa sumaku, kama pete zinazouvaa waya huo.

Nguvu ya uga huo huenda sambamba na mkondo. Ampea zikiongezeka maradufu, uga nao huongezeka maradufu. Kwa hiyo anayeweza kuupima uga anaweza kuujua mkondo bila kuugusa. Ganda la plastiki la waya si kikwazo, kwa kuwa sumaku hupenya plastiki kama inavyopenya hewa.

Kikwazo ni udogo wa uga wenyewe. Waya unaopitisha ampea 1 hutoa, umbali wa sentimita 1, uga wa mikrotesla 20 tu. Dunia yenyewe ni sumaku, na katika eneo la Karagwe uga wake ni mikrotesla zipatazo 33. Kwa maneno mengine, mkondo wa taa chache za nyumbani hutoa sumaku dhaifu kuliko ile inayoelekeza dira ya baharia.

Hapo ndipo taya za mita zinapoingia kazini. Ndani ya plastiki kuna kiini cha chuma laini au cha ferati, ambacho hukusanya uga wa sumaku na kuuongoza kama mfereji unavyoongoza maji. Taya zikifungwa, kiini hicho huwa pete kamili inayouzunguka waya.

Kwa nini mita ya AC haioni sola

Mwaka 1831, Michael Faraday wa Uingereza alithibitisha kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Hiyo ndiyo kanuni ya transfoma, na ndiyo kanuni ya mita za kubana za bei nafuu. Waya unaopimwa huwa upande mmoja wa transfoma. Upande wa pili ni koili ya mizunguko mingi iliyofichwa ndani ya taya.

Neno la msingi katika kanuni hiyo ni kubadilika. Mkondo geu hupanda na kushuka bila kukoma, hivyo koili hupata umeme wakati wote. Mkondo mnyoofu ukishatulia haubadiliki. Uga wake upo, tena unaweza kuwa mkubwa, lakini umesimama, na koili haioni kitu.

Kwa sababu hiyo, sifuri inayoonyeshwa na mita ya AC kwenye waya wa betri haina maana kwamba hakuna mkondo. Maana yake ni kwamba mita imeulizwa swali isiloweza kulijibu. Ni kosa la hatari pia, kwa kuwa anayeamini sifuri hiyo anaweza kuuchomoa waya akidhani hauna mzigo, kumbe una ampea nyingi.

Jawabu la Edwin Hall

Jawabu la kupima uga uliosimama lilipatikana mwaka 1879, miaka 18 kabla J. J. Thomson hajaonyesha kuwapo kwa elektroni. Edwin Hall, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alipitisha umeme katika utando mwembamba wa dhahabu uliobandikwa juu ya kioo, kisha akauweka utando huo kati ya ncha za sumaku. Aliona volti ndogo ikijitokeza kwenye kingo mbili za utando, kukingama na njia ya mkondo.

Maelezo yake ni mepesi. Elektroni zinazosafiri ndani ya uga wa sumaku husukumwa pembeni. Ni kama kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu wanaopita katika njia nyembamba kati ya migomba, huku mchungaji akiwasukuma kutoka upande mmoja. Kundi haliachi kwenda mbele, lakini hubanana upande wa pili. Msongamano huo wa elektroni kwenye ukingo mmoja ndio unaozaa volti aliyoipima Hall.

Jambo la muhimu ni kwamba msukumo huo hautegemei kubadilika kwa sumaku. Uga ukisimama siku nzima, volti nayo itabaki siku nzima. Sumaku ikigeuka, volti hugeuka alama kutoka chanya kwenda hasi. Kwa hiyo mita hueleza pia mkondo unaelekea wapi, yaani kama betri inapokea chaji au inatoa.

Katika dhahabu volti hiyo ilikuwa ndogo mno kwa matumizi ya kila siku. Baadaye wataalamu walitumia semikondakta, kama vile indiamu antimonidi na galiamu aseniki. Vitu hivyo vina elektroni chache zinazokwenda kwa kasi zaidi, hivyo volti inayopatikana ni kubwa zaidi. Leo kihisi cha Hall ni kidogo kuliko punje ya mchele.

Ndani ya mita ya DC, kiini cha taya huachwa na pengo dogo, na kihisi huwekwa humo. Ikiwa mapengo yote ya pete yana jumla ya milimita 2, mkondo wa ampea 1 huleta ndani yake uga wa takriban mikrotesla 630. Hiyo ni zaidi ya mara 30 ya uga unaopatikana sentimita 1 kutoka kwenye waya ulio wazi. Saketi ndogo hukuza volti ya kihisi, na kioo huonyesha ampea.

Kwa kuwa kihisi hicho huona uga uliosimama na uga unaobadilika, mita moja yaweza kupima DC na AC. Lakini tofauti na mita ya transfoma, huhitaji umeme wake wenyewe. Betri yake ikiwa dhaifu, vipimo navyo huweza kupotoka.

Njia ya pili

Hall si njia pekee. Mwaka 1958 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa mita iliyoitwa 428A, iliyoweza kubana waya mwembamba na kupima mikondo midogo ya DC, hadi sehemu za elfu za ampea. Ilikusudiwa kwa mafundi wa vifaa vya elektroniki, waliotaka kupima mkondo ndani ya redio bila kuyeyusha risasi kwenye maungio.

Katika njia hiyo, kiini cha taya husukumwa na umeme wa ndani hadi kishibe sumaku upande mmoja, kisha upande wa pili, maelfu ya mara kwa sekunde. Kama waya uliobanwa hauna mkondo, pande zote mbili hushiba sawasawa. Ukiwapo mkondo mnyoofu, upande mmoja hutangulia kushiba. Mita huitambua tofauti hiyo na kuitafsiri kuwa ampea.

Mita za daraja la juu huongeza hatua nyingine. Badala ya kusoma uga moja kwa moja, hupitisha mkondo wa kinyume katika koili yao hadi uga ndani ya kiini uwe sifuri. Koili ikiwa na mizunguko 1,000, miliampea 10 hutosha kuufuta uga wa ampea 10. Mkondo huo wa kufuta ndio unaopimwa. Ni kama mizani ya sokoni, ambapo uzito wa mzigo hujulikana kwa mawe yaliyowekwa upande wa pili.

Kitufe cha sifuri

Mita ya DC ina kitufe ambacho mita ya AC haikihitaji, nacho ni cha kurudisha sifuri. Sababu yake ni ile sumaku ya dunia. Taya zikiwa tupu bado huona uga wa dunia kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hubadilika mita inapogeuzwa kuelekea upande mwingine. Vilevile kiini huweza kubaki na sumaku kidogo baada ya kupima mkondo mkubwa.

Kwa hiyo fundi makini huifunga taya tupu karibu na waya anaotaka kuupima, akiishika mita katika mkao uleule atakaoutumia, kisha hubonyeza kitufe. Hapo ndipo huubana waya. Baada ya kupima ampea nyingi, hurudia hatua hiyo kabla ya kupima ampea chache.

Ipo njia nyingine ya kuthibitisha. Pima waya, kisha igeuze mita ili mshale wake uelekee upande wa pili, upime tena. Tuseme mara ya kwanza inaonyesha ampea 4.9, na mara ya pili ampea 4.3 zenye alama ya kutoa. Mkondo halisi ni wastani wa tarakimu hizo mbili bila alama, yaani ampea 4.6. Zile 0.3 zilizozidi na kupungua ni kosa la sifuri.

Waya unaobanwa uwe mmoja. Waya chanya na waya hasi vikibanwa pamoja, sumaku zao hufutana na mita husoma sifuri. Kama mkondo ni mdogo mno, waya unaweza kuzungushwa mara 10 ndani ya taya, kisha tarakimu ikagawanywa kwa 10. Taya zifungwe barabara, kwa kuwa vumbi kidogo kati ya ncha zake huongeza pengo na kuharibu kipimo.

Mfano wa nyumba moja

Chukulia nyumba yenye paneli ya wati 100 na betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 50. Mchana wa jua kali, mita ikibanwa kwenye waya wa paneli itegemewe kuonyesha ampea 4 hadi 5.5. Ikionyesha ampea 2, kabla ya kuilaumu paneli, yafaa kutazama vumbi, kivuli cha mgomba na maungio yaliyolegea.

Jioni, taa nne za wati 5 na televisheni ya wati 24 hutumia ampea 3.7 kwa pamoja. Kwa saa tano ni ampea-saa 18.5. Betri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, yaani ampea-saa 25, kwa hiyo matumizi hayo yamo ndani ya mpaka.

Sasa tuseme mwenye nyumba amezima kila kitu akaenda kulala, lakini mita bado inaonyesha ampea 0.6 zikitoka. Ni inveta iliyoachwa imewaka bila mzigo. Kwa saa 24 inveta hiyo hula ampea-saa 14.4. Ukijumlisha na matumizi ya jioni, jumla ni ampea-saa 32.9, wakati paneli inayotoa ampea 5 kwa saa tano za jua zuri hurudisha 25 tu. Betri hiyo haitajaa hata siku moja, na itakufa mapema.

Uharibifu huo hauonekani kwa macho, wala kwa mita inayosoma sifuri wakati wote. Huonekana kwa kubana waya mmoja kwa dakika moja, bila kuzima wala kufungua chochote.

Kabla ya kununua

Alama ndiyo ya kutazamwa kwanza. Herufi A yenye kiwimbi pekee humaanisha ampea za mkondo geu. Herufi A yenye mstari ulionyooka, na vijistari vidogo chini yake, humaanisha ampea za mkondo mnyoofu. Mnunuzi asiridhike kuona alama hiyo kwenye upande wa volti. Mita nyingi hupima volti za DC kwa nyaya za kugusa, lakini taya zao ni za AC tu.

Ni vyema mita ijaribiwe dukani. Balbu ya gari ya wati 55 ikiunganishwa na betri ya volti 12 hupitisha takriban ampea 4.6. Mita ya DC iliyo nzima itasoma karibu na hapo, na mita ya AC itabaki kwenye sifuri. Kwa mtu anayenunua Kariakoo na kutuma kwa ndugu Karagwe, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, jaribio hilo la dakika mbili lina thamani kubwa, kwa kuwa kurudisha mita isiyofaa si jambo jepesi.

Uwezo nao uzingatiwe. Mita nyingi za kawaida hukosea kwa asilimia 2 au 3 na tarakimu kadhaa, kiwango kinachotosha kwa kazi za sola na gari. Lakini kumtafutia mwendesha bodaboda mvujo wa miliampea chache unaomaliza betri yake usiku kunahitaji mita ya kubana iliyoundwa kwa mikondo midogo.

Mwisho ni usalama. Kutokata waya hupunguza hatari bila kuiondoa. Paneli kadhaa zilizounganishwa mfululizo huweza kutoa zaidi ya volti 100 za DC, nazo huua. Waya uliochubuka haubanwi, na mita isitumike juu ya kiwango cha volti kilichoandikwa juu yake. Fundi atakayezingatia hayo, na akajua kuwa sifuri ya mita ya AC si sifuri ya sola, atakuwa amewaepusha wateja wake na gharama ya kubadilisha vifaa ambavyo bado ni vizima.